Ushahidi wa Mguu

Lililetwa kwangu Njoro kwa kamba, Jumanne, mvua ikinyesha,
gari jeupe lisilo na ekzosi,
bampa limebeba udongo wa Uru na majani mawili ya sale
yaliyong'oka pamoja na wigo wa Kiwelu.
Mama Ndealilia akashuka upande wa abiria.
"Fundi," akasema, "mimi sikukanyaga."
Basi. Hakulia, hakuapa.

Nimezoea kutega sikio.
Landrova ya padri ikikohoa, najua ni nozeli.
Fuso la ndizi likilia hivi, namwambia dereva,
bwana wee, beringi hiyo haifiki Himo.
Hili nililiwasha, likanyamaza.
Nikalizima, likanyamaza vilevile.

Ijumaa akaja kijana wa kampuni kutoka Arusha,
viatu visafi, kompyuta kwapani.
Akachomeka waya chini ya usukani, akasoma:
"Saa mbili na dakika saba asubuhi.
Pedeli ya mafuta"
(aliiita hivyo, ya mafuta,
ndani ya gari lisilojua hata harufu yake)
"asilimia mia. Sekunde nne.
Breki, sifuri."
Akafunga kompyuta.
"Ni mguu wake, fundi. Wazee hukosea."

Mguu wake.
Mguu huo naujua kuliko yeye.
Kaptula yangu ya darasa la kwanza ilipita mbele yake
pale Kiborloni, kwenye cherehani ya kukanyaga
iliyobanduka rangi ikabakiza herufi mbili za jina.
Miaka thelathini na miwili mguu huo ulisimamisha sindano
unywele mmoja kabla ya kidole,
mwenyewe huku akibishana bei,
akimkemea mtoto, redioni wakitangaza vifo.
Haukuwahi kushona ngozi ya mtu.
Lakini nani atachomeka waya kwenye cherehani
aisomee kampuni?

Nikalijaribu. Alfajiri, bodaboda bado zimelala,
nikapanda nalo Uru mpaka lami inapochoka,
nikashuka. Mara tisa.
Lilikuwa na adabu zake. Ukiinua mguu tu, lajizuia lenyewe,
laokota umeme wa mteremko punje kwa punje
kama bibi anayeokota kahawa iliyodondoka.

Mara ya kumi nililichaji usiku kucha,
kulekule juu, kwa dada yangu.
Betri ikashiba.
Kona ya kwanza nikainua mguu
na hakuna kilichonishika.
Lilikuwa limeshiba, halina pa kuuweka mlima.
Nikaitafuta breki kama mtu anayepapasa swichi
katika nyumba ya wageni.
Nikaipata,
kingo za daraja zimeshaanza kunitolea macho.

Sasa, hapo sikurushwa mbele.
Nilikosa tu wa kunizuia.
Ni mambo mawili tofauti,
au ni moja, kwa mguu ulioshtuka?
Sijui. Nimekaa na bisibisi mkononi
hadi chai ikapoa, sijui.
Kwenye fomu ya bima niliandika: Kosa sikuliona.
Nikakata.
Nikaandika: Kosa, mimi, sikuliona.
Karani atashangaa hizo koma.

Jumapili baada ya ibada
Mama Ndealilia akaenda kwa Kiwelu, kwa miguu,
jani la sale mkononi limepigwa fundo,
na dumu la mbege likibebwa na mjukuu nyuma.
Kiwelu akalipokea. Nani hukataa sale?
Wakanywa. Wigo ulikuwa umefungwa kwa kamba za migomba.
Kisha akauliza, taratibu, kijirani,
"Lakini mama, ulikanyaga au hukukanyaga?"
"Sikukanyaga."
"Sasa jani hili la msamaha ni la nani?"
Mama akafuta povu mdomoni kwa ncha ya kitenge.
"La gari," akasema.
"Lenyewe halina mikono."