Sahihi

Namba yangu ni mia mbili na kumi na tatu.
Ubao wa taa unaita mia na tisini.
Nimeketi Tbilisi, ukumbi wa vioo na vigae,
bahasha ya kaki magotini
kama mtoto wa mtu niliyeambiwa nimshike kidogo.

Ndani yake wazazi wangu wameachana.
Waliachana Zestaponi, msimu wa kuvuna zabibu,
kwa kurasa mbili.
Nilikuwa na miaka minane, uani, nikimenya jozi mbichi,
kokwa zile ambazo kila moja, ukiipasua,
ni pande mbili zilizokumbatiana.
Vidole vilibaki vyeusi hadi theluji ya kwanza.

Mama yuko Bari, Italia. Anamtunza ajuza
anayemwita kila asubuhi kwa jina la dada yake aliyekufa.
Na sasa Donato, fundi wa mabomba, amemposa.
Manispaa ya huko imesema:
kwanza aoneshe kuwa yu huru,
na huo uhuru uwe na muhuri.

Basi nimezunguka na talaka isiyo yangu.

Mahakamani, karani aliniuliza:
"Wewe ni nani katika kesi hii?"
Nikapekua. Nipo ukurasa wa pili, mstari wa sita:
mtoto mmoja, wa kike, abaki kwa mama.
Hakuna mstari unaosema
mama mwenyewe hakubaki.

Mfasiri, Bi Eteri, huvuta sigara dirishani
na kutafsiri kwa mkono mmoja.
Kwenye pasipoti mama ni Tsiala.
Kwenye kadi ya hospitali ya Bari ni Ciala.
"Ni herufi tu," nikasema.
"Herufi tu, binti yangu, ni mwanamke mwingine,
na huyo mwingine bado ana mume."

Kisha kwa wakili wa viapo.
Akatoboa kurasa kwa sindano nene,
akapitisha uzi, akakaza, akapiga fundo,
akabandika karatasi juu ya fundo, akagonga.
Ndoa yao ilifumuka polepole, hakuna aliyesikia.
Talaka ndiyo iliyoshonwa.

Mia mbili na kumi na tatu.

Msichana wa dirishani ana kucha za zambarau.
Anasoma jina la hakimu, analisaka kwenye kompyuta,
analipata. Ananiambia, kwa sauti ya kila siku:
"Tunathibitisha kwamba sahihi ni sahihi,
na kwamba aliyeitia alikuwa na cheo cha kuitia.
Yaliyomo hatuyathibitishi."

"Nani anayathibitisha?"

Ameshagonga.
Ameshaita mia mbili na kumi na nne.

Jioni, stendi ya Kutaisi,
gari dogo la Italia limesheheni hadi darini:
jibini, mafuta ya goti, viatu vya mtoto wa mtu.
Bahasha imepimwa. Gramu mia na kumi,
bei ya kilo nzima.

Baba amekuja.
Sikumwambia; Zestaponi haihitaji kuambiwa.
Ana mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko
jozi zilizotungwa kwenye uzi, zikachovywa
kwenye uji wa zabibu, zikaanikwa.
Alizitunga mwenyewe. Fundo lake nalijua,
ni lile la kamba za viatu vyangu vya shule.
Hakuuliza bahasha ina nini.
Aliuliza tu kama Bari kuna baridi.

Dereva akalamba kidole, akafunua daftari.
Mtumaji? Nikataja jina langu.
Mpokeaji? Nikataja la mama, herufi kwa herufi.
Yaliyomo?

Nilimtazama baba.
Baba alikuwa anatazama tairi.

"Jozi," nikasema.
"Andika jozi."