Vijiti Hewani
Nje, Dakota Kaskazini, baridi iliuma kama deni.
Ndani tulivaa fulana za manjano,
nyuso tumezipaka rangi,
na ngoma nilishika mimi.

Kila mgeni aliposimama mstarini kutupa
tulipiga kelele hadi mabenchi ya mbao yakatetemeka.
Haki yetu, tulisema. Ukumbi ni wetu.

Sekunde nne zimebaki.
Namba kumi na moja, Maren Tollefsrud,
plasta gotini, nywele zimemganda shingoni.
Colby alikuwa amechimbachimba simuni, akapata:
baba yake yuko jela tangu Oktoba.
"Piga," akaninong'oneza. "Tumwite baba mtu."

"Al-vin! Al-vin!" wakaanza watatu, kisha safu nzima.
Aliudunda mpira mara mbili, akaushika.
Hakutugeukia. Alifumba macho
kama mtu anayesubiri sindano.

Vijiti vyangu vilikuwa hewani.
Sitasema nilikuwa mwema. Niliona haya tu,
haya ya ghafla, ya kufumaniwa
mkono umo mfukoni mwa mwenzio.
Nikaviweka chini ya kiti.
Bila ngoma, jina likaenda chopi, likaanguka.

Akatupa. Ukaingia.
Akatupa tena.
Tukafungwa kwa pointi moja.

Colby hakusema nami hadi Jumanne.

Usiku ule, wenzake wakipanda basi kwenye theluji,
nilisimama mlangoni na ngoma mgongoni
nikitafuta neno la kumwambia.
Sikulipata.
Nikampisha njia.