Unyaufu

Kurwa alitoka na kilo moja na mia nne.
Doto, dakika kumi na moja baadaye, kilo moja na mia mbili.
Nilisoma mizani kabla nesi hajaitangaza,
nimelala chali, damu bado inanitoka.
Macho ya karani hayaendi likizo.

Julai ile, Newala, ukungu ulilala hadi saa nne.
Tukateremshwa Ligula, kwenye joto la bondeni,
watatu ndani ya kanga moja,
wao wamebanwa kifuani
kama fedha ya mnada isiyoaminiwa benki.

Wiki ya kwanza walipungua.
Ni maji tu, mama, alisema daktari, ni kawaida.
Ghalani tuna neno lake: unyaufu.
Korosho ikilala guniani hupungua bila kuibwa,
karani huandika, mkulima huguna.
Sikuguna.
Nilikamua.

Matone sita. Matone tisa. Kijiko cha chai.
Kurwa alinyonya, akachoka, akalala na chuchu mdomoni.
Doto alikuwa wa mrija wa puani,
maziwa yakimshukia polepole
kama malipo ya pili.
Haba na haba, alinifariji mama wa kitanda cha pili.
Nikamjibu: wewe una kibaba kimoja.

Likizo ya pacha ni siku mia moja.
Sitini na mbili ziliishia wodini.
Siku ya mia na moja ilikuwa Oktoba, msimu umefunguliwa,
magunia yamepangwa hadi barabarani,
na katibu ananiambia, karibu karani, umenawiri.

Saa tatu na nusu gurudumu la mkokoteni likalia,
sauti ya Doto hasa,
na ziwa la kushoto, lisilojua ushirika wala bei,
likaitikia.
Likalowesha kitenge.
Likalowesha stakabadhi ya mtu.

Sheria inanipa saa mbili za kunyonyesha.
Nyumbani ni dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi;
piga hesabu mwenyewe.
Nakamulia stoo, mgongo wangu ndio komeo la mlango,
chupa mbili nimeziandika K na D
kwa kalamu ile ile ya daraja la kwanza.

Nyumbani Mfaume anashona
akiwa amewafunga kifuani, ndani ya shati.
Wateja wanakuja kupimwa, wanacheka, wanaondoka.
Yeye anakanyaga cherehani kwa kidole gumba,
wasije wakaamka.

Jana alikuja Bi Asumini Nandonde na gunia lisilojaa.
"Nyumbani lilikuwa arobaini na moja na mia mbili.
Hapa arobaini na moja kavu.
Mia mbili zangu ziko wapi, karani?"
Foleni ikaangua kicheko.
Mia mbili, mama? Hizo si konzi tu! Sogea huko!

Mimi sikucheka.
Mia mbili ni mrija.
Mia mbili ni nesi anayesimama usiku kucha
juu ya mmoja, si juu ya mwenzake.
Mia mbili ni mtoto anayelia
na mtoto anayefungua mdomo tu.

Nikaliteremsha gunia.
Nikafuta vumbi jekundu kwenye bamba,
nikasubiri sifuri itulie.
Kifua kimejaa hadi kwapani, kinagonga.
Pandisha tena, nikasema.

Arobaini na moja, na mia moja tisini.

"Bado kumi," akasema.
"Kumi ni unyaufu, Bi Asumini."
Akanitazama usoni, akakubali.
Kisha akatazama kitenge changu, miduara miwili iliyolowa,
na kila mmoja unapanuka kivyake.

Hakuniuliza kitu.
Akageuka, akakaa juu ya gunia lake,
pale pale juu ya mizani, miguu akaikunja.
"Nendeni mkanywe chai," akaiambia foleni.
"Karani anatoka."

Nilipofika mlangoni niligeuka;
sikuweza kujizuia:
kilo tisini na nne, na mia mbili.