Kidole Kisichokuwepo

Walimkata mama mguu wa kushoto, hospitali ya Mvumi,
mwezi wa nane, upepo ukibeba mashamba ya watu
na kuyamwaga juu ya mabati ya wodi.
Kidonda cha sukari. Chini kidogo ya goti.
Bili niliilipa kwa magunia kumi na saba ya mkaa:
migunga yote ya mpakani, na mikole miwili
aliyochuma matunda yake akiwa na mimba yangu.
Alikatwa kwa fedha ya kukata.
Sikuliwaza hilo wakati ule. Niliwaza bei.

Tukarudi Handali kwa bodaboda, mshikaki,
dereva, mama, mimi na magongo.
Katambuga ya kushoto hakutaka itupwe.
Ipo mlangoni, imeelekea nje.

Usiku wa tatu akaniita.
"Chilewa, kidole gumba kinaniwasha."
Nikashika cha kulia.
"Siyo hicho."
Nikacheka. Kisha nikauona uso wake kwa mwanga wa simu.

Sasa mtu unafanyaje?
Nilipiga magoti, nikaukuna mkeka
pale ambapo mguu ungefika kama ungekuwepo.
"Juu kidogo," akasema. "Hapo. Hapo hapo."
Akashusha pumzi, akalala,
nami nikabaki na ukindu kwenye kucha.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakichungulia upande wa Mpwapwa,
nikaenda shambani na sururu.
Baba alitufundisha: shamba safi halina kisiki.
La jirani yangu Masinjisa limenyolewa
kama kichwa cha mfiwa.

Kisiki cha kwanza kilikuwa cha mgunga.
Kovu la duara, kavu, utomvu umeganda pembeni,
rangi ile ile ya dawa waliyompaka mama.
Na ubavuni machipukizi saba, membamba kama njiti za kiberiti,
yakisukuma, yakisukuma,
mti unapapasa kuutafuta mkono wake.
Niliinua sururu.
Niliishusha polepole,
kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani.

Masinjisa akapaza sauti toka ng'ambo ya korongo:
"Umeona nyoka?"
"Hapana. Nimeona mgonjwa."
Siku hizi ananisalimia kwa upole mno,
kama wanavyosalimiwa wenye akili pungufu.

Nimeacha machipukizi mawili kwa kila kisiki, yenye nguvu.
Mengine nimeyakata kwa kisu,
na hilo nalo lilinitoa jasho.
Mama alichana kitenge chake cha zamani
nifunge kila shina nililoliacha,
wachungaji wakipita na mbuzi wajue lina mwenyewe.
"Usikaze," akaniambia.
"Bandeji ikikazwa sana, damu haipiti."

Mvua bado. Uwele nimeupanda kavukavu.
Mkaa tunaopikia mlenda, sitawaficha, bado nanunua,
na kila gunia najiuliza ni mguu wa nani.

Alfajiri, kabla Masinjisa hajaamka,
nafika mpakani, napiga magoti,
naukuna udongo kando ya kisiki,
pale ambapo kivuli kingefika kama kingekuwepo.
Sijui kama ni hapo.
Hakuna anayeniambia, "Juu kidogo."