Kutu ya Siku Tatu

Behewa lilitoka mkononi jipya mno:
bati la kopo la maziwa, jekundu,
linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Nikaliloweka katika siki na chumvi siku tatu,
nikalipaka majani ya chai, vumbi la tofali,
masizi aliyoyakwangua Mwanaidi sufuriani
huku akiuliza: mtu mzima,
kipya unakizeesha cha nini?

Sikumjibu. Nilikuwa natafuta ile kutu
ya chini ya bawaba,
pale mvua ya Muheza ilipochuruzika
juu ya marobota ya katani
na baba, spana mkononi, akasema:
hili litatuzika.

Alfajiri, uani Chumbageni,
simu nimeilaza chini, shavu langu mchangani,
nikapiga. Reli ya waya.
Ukuta wa jirani umegeuka ukungu.

Nikamtumia Mbwana, kaka yangu, Korogwe.
Akajibu upesi:
Kumbe hawajaliuza chuma chakavu!
Liko wapi? Nipande basi nije?

Nikaikuza picha.
Pale relini, kando ya gurudumu,
sisimizi, mkubwa kama ng'ombe.
Mbwana hajamwona.

Bado sijamjibu.