Hodi Tano

Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu,
asipojibiwa hurudi alikotoka.
Chombo changu hupiga tano.
Kinaenea kiganjani kama tochi,
ncha yake haizidi punje ya dengu,
nacho hakiulizi unaumwa wapi.
Kinagonga: tak, tak, tak, tak, tak,
kisha kinatega sikio
nyama itetemeke vipi, itulie lini.

Urmas huja Jumanne kwa tramu ya saa mbili,
theluji ya Kopli ingali kwenye kofia.
Mchomeleaji wa meli, miaka ishirini na sita kazini;
Oktoba moto ulimpitia mkono wa kushoto
ukamwachia kovu linalong'aa, limekunjamana
kama nailoni iliyoangukiwa na pasi.
Tangu hapo hajaingia sauna.
"Vipi leo?"
"Nzuri tu."
Anajikaza kisabuni, huyu.
Skrini haijikazi.
Mia tano na kumi, Desemba.
Mia nne themanini, Januari.
Leo mia nne sitini na tatu. Nikamwonyesha,
akaitazama kama mtu asomaye bei ya samaki
akijua hana la kufanya ila kulipa.

"Pima na huu mzima," akasema,
akipandisha mkono wa shati wa kulia.
Mia mbili arobaini.
Nje tramu ikakata kona, ikalia.
"Kumbe huku ndiko nilikokuwa nakaa."

Sikuwa na jibu. Nikajitia kupangusa ncha kwa spiriti.
Naye akanyoosha mkono, ule wa kovu,
akakitwaa chombo, akakisimamisha
juu ya bega langu, karibu na shingo,
wima kabisa, bila kufundishwa.
Mchomeleaji anajua kushika kitu kinachotaka utulivu.
Tak, tak, tak, tak, tak.

Mia nne sabini na moja.
Bega ambalo halijaungua popote.

Nikamwambia kimekosea, nguo imezuia.
Nikamwambia ni baridi. Nikamwambia
jana nilibeba viazi.
Sikumwambia habari za mama, ghorofa ya nne,
ninayemgeuza kitandani saa nane ya usiku
na tena saa kumi na moja,
mwili wake mwepesi, na bado unanishinda.
Mganga hajigangi, walisema wahenga;
hawakusema usiku wake huwa na saa ngapi.

"Basi tu majirani," akasema Urmas,
akavaa koti, kushoto kwanza, polepole,
akaenda zake.

Kwenye faili lake, chini ya 463, ipo 471.
Chombo hakikujua kwamba ngozi imebadili mwenyewe.
Daktari Raudsepp atauliza
kovu limerudije nyuma kwa dakika mbili.
Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta,
hakijabonyeza.
Mlangoni mgonjwa wa saa tatu anagonga,
mara moja,
mara ya pili.