Paa la Nyumba, Paa wa Porini

Saa kumi alfajiri, Smethwick.
Boila imegoma tena.
Naoga ya baridi, natukana kwa Kinyamwezi,
kisha najikanya:
nimeamka kusali.

Nafunga kichwa kwa kitambaa cha rangi ya chungwa
nilichopewa mlangoni siku ya kwanza,
siku niliyoingia kwa njaa, si kwa imani,
nikaketi sakafuni kwenye mstari
kati ya dereva wa teksi na mtoto mwenye kamasi,
nikamiminiwa dengu
bila kuulizwa mimi ni nani.
Jumapili iliyofuata nilirudi. Dengu ile ile.
Ya tatu nikabaki kuosha masinia.
Ya nne nikauliza:
hayo mnayoyasema, yanasemwaje?

Nilidhani ni sala moja.
Kumbe za alfajiri peke yake zinamaliza giza,
na ipo ya jioni,
na ipo fupi ya kulalia, niipendayo
kwa ufupi wake, Mungu anisamehe.

Ile kubwa ya alfajiri ina ngazi thelathini na nane.
Ndivyo wanavyoziita beti zake: ngazi.
Nimezinakili kwenye daftari la mirabamiraba
kwa herufi zetu, na herufi zetu zinavuja:
kuna sauti nazimimina humo
zinatokea chini, zimekuwa maji.

Mwalimu wangu Bi Gurdial,
miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa Kisauni,
binti wa fundi wa reli.
Goti bovu, ulimi mzima.
"Hapana," ananikata. "Umesema paa.
Mimi nataka paa."
Mimi mtu wa Urambo nasikia paa, na paa.
"Paa la nyumba," anasema, midomo mikavu.
"Paa wa porini," na pumzi inaruka,
inazima mshumaa ambao haupo.
"Ninyi wa bara," anasikitika,
"nani aliwafundisha Kiswahili?"

Basi hapa, kando ya mfereji wenye barafu,
nafundishwa lugha mbili kwa ada ya moja,
na ada yenyewe ni kumbebea mfuko wa viazi.

Nilimwomba maana.
Alijaribu ngazi moja, akakwama kwenye neno amri.
"Si amri ya polisi," alisema.
"Ni kama wali unavyojua wakati wa kuiva."
Akafikiri.
"Hapana. Si hivyo pia. Soma."

Mama anapiga simu.
"Kwaya ya huko inaimbaje?"
Namwambia wanaimba wamekaa chini,
kinanda wanakipepea kwa mkono wa kushoto.
Ananyamaza.
Vocha inamwishia, au anaiacha iishe.

Jumanne, sala ya jioni,
Bi Gurdial anasema kwa kichwa, macho kayafumba.
Katikati anaurudia mstari.
Anaurudia tena,
gurudumu kwenye tope.
Mimi nina daftari. Kidole changu
kiko tayari kwenye mstari unaofuata.
Mgeni wa juzi, nimsahihishe nani?
Nautamka polepole,
paa wa porini, pumzi yote,
naye anaupokea, anaendelea,
hafumbui jicho.

Baadaye, akitafuta kiatu chake cha kushoto
kwenye rafu ya viatu mia:
"Nilikuwa nakujaribu, Nyamizi."
Sikujibu. Nilikiona kiatu,
nikapiga magoti nikamfunga kamba.

Sasa niko kwenye basi la kwanza la kwenda kazini,
sakafu za hospitali zinanisubiri.
Midomo inacheza bila sauti.
Abiria wa mbele anageuka, anadhani naongea na simu.
Ngazi ya kumi na moja naijua bila daftari.
Ya kumi na mbili nimeikosa, narudi mwanzo wake,
naikosa tena,
na kituo changu kimepita.